Kikombe cha Bi Laila

Kaka yangu Hamood hajui kukaa. Tangu utoto ni mtu wa kusimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na duka letu la vipuri vya pikipiki pale Nyakabiga lilimfaa kwa sababu hiyo. Mapafu yake yalipokakamaa hata msikiti ukawa mbali, alipelekwa India, akawekewa mapafu ya marehemu mmoja, Mungu amrehemu. Akarudi anatembea. Mimi Alya, dada yake, niliyempigia kelele maisha yangu yote, nililia uwanja wa ndege mbele za watu bila haya.

Mwaka haujaisha, akaanza kukohoa. Homa kila jioni, jasho kitandani, suruali inamteleza kiunoni. Akawa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia: anafungua dirisha, analifunga, analifungua tena.

"Kaa basi!" nikamwambia.

"Nikikaa nasikia ile kitu inanikaba," akanijibu. Hofu yake ikaniingia, na mimi nikaanza kuzunguka.

Daktari Jovithe alipima makohozi, hakuona kitu. Alipozungumza na wenzake wa India, wakadhani mwili unayakataa mapafu. Akaja nyumbani kutueleza kwamba kesho ataongeza dawa za kuutuliza mwili usipigane nayo.

"Lakini hizo dawa zinalaza kinga yote," akasema. "Kama tuberculose, kifua kikuu, imejificha mwilini tangu zamani, tutakuwa tumeifungulia mulango. Nauliza tena: humu nyumbani hakuna mutu aliugua hiyo igituntu?"

"Apana," akasema Hamood, huku anatembea. India pia alijibu hivyo hivyo.

Mama yetu, Bi Laila, alikuwa mkekani na kahawa yake. Kwetu vikombe vya kahawa ni vya wote: vinasuuzwa, vinazunguka. Cha Mama, chenye ukingo wa buluu, hakizunguki. Anakiosha mwenyewe, anakificha mwenyewe. Sisi tulikua tukijua ni maringo ya Waarabu wa Kimanga, na nimemtania kwa hilo hadi nimeota mvi. Sasa kahawa ilikuwa inamwagikia vidole na hakuwa na habari.

"Docteur, usimupe hiyo dawa."

Hamood akasimama.

"Mi niliugua," Mama akasema. "Huyu alikuwa bado mutoto wa kunyonya. Tulisema ni pumu. Baba yenu alileta dawa kwa siri, nikameza mpaka zikaisha. Watu wangejua, nani angekunywa kahawa kwetu? Nani angemuoa Alya?"

Mficha maradhi, kilio humfichua, wanasema, na kilio kilikuwa mlangoni kwetu. Hasira zikanipanda mpaka utosini.

"Mama! India walimuuliza! Wangempa dawa ya kuizuia mapema!"

Nilitamani kukivunja kile kikombe.

Dawa za kesho zilisimamishwa. Walimpitishia Hamood mpira mwembamba hadi kwenye mapafu, wakayaosha, na maji yaliyotoka wakayapima. Kilikuwa kifua kikuu. Sasa anameza dawa zake, nazo zinaila nguvu ile dawa inayolinda mapafu, hivyo kila mara anatolewa damu ili kipimo kirekebishwe. Homa imepungua. Kama mapafu yatabaki, Jovithe hathubutu kuahidi, na mimi nimechoka kumuuliza.

Siku Jovithe alipoleta majibu ya mpira ule, Mama alimshika mkono wa koti.

"Docteur, kikombe changu hakuna aliyekigusa. Hata mume wangu. Sasa hii igituntu ilipita wapi?"

"Haipiti kwa kikombe, Mama. Inapita kwa pumzi."

Mama akamtazama Hamood, aliyekuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Alikuwa analia akilala pekee," akasema. "Nilimulaza hapa." Akaweka mkono kifuani pake.

Hamood akaingia ndani, akakaa mkekani karibu naye.