Mfereji wa Baba na Maji ya Chini

Ninyi mliokulia ubavuni mwa Arua Hill mnakumbuka, mvua haikutazamwa dirishani, ilichezwa. Wingu likipasuka, tulikalia majerikani mabovu tukateleza na maji mpaka barabarani, tukarudi na udongo mwekundu hadi masikioni. Mama alitungoja mlangoni kwa fimbo, halafu kwa enyasa, ugali wetu wa muhogo, ya moto na mchuzi wa simsim. Fimbo ndiyo iliyotangulia daima.

Baba aliukata mteremko ili apate mahali pa kuweka nyumba, na kila mvua maji yalishuka yakaingia jikoni. Dada yangu Candiru alipopata mchumba wa Koboko, Baba, askari mstaafu, aliapa wakwe hawatakuta tope. Alichimba mfereji nyuma ya nyumba siku tatu.

Mama aliutazama akatikisa kichwa. "Baba Candiru, hii mufereji iko inashika maji ya juu tu. Na ile udongo inakunywa, itaenda wapi?"

"Wewe iko unafundisha mimi kuchimba? Mimi nilichimba jeshini!"

Mvua ikanyesha mchana kutwa. Mfereji ukayapeleka maji yote pembeni, na Baba akawa anatembea uani kama aliyeteka mji. Kesho yake jua likawaka, wakwe wakafika. Mzee Duku, baba wa mchumba, akapewa kiti kizuri kuliko vyote, ndani, karibu na ukuta wa nyuma.

Katikati ya salamu, kiti kikaanza kuzama. Mguu mmoja kwanza. Mzee Duku akainamia kushoto, lakini kwa heshima akaendelea kuulizia mihogo yetu. Maji yaliyonywewa kule juu yalikuwa yameshuka ardhini hadi kwenye murram, ule udongo wa changarawe mgumu kama mwamba, yakateleza juu yake polepole, yakapita chini ya mfereji, yakatokea pale mteremko ulipokatwa: kwenye sakafu yetu ya udongo. Sisi watoto tulibana vicheko mpaka tukatokwa machozi. Candiru alilia kweli. Alidhani ndoa imekwisha.

Mzee Duku akainuka, suruali imelowa nyuma. "Hata mimi nyumba yangu ilinifanya hivi," akamwambia Baba. "Mutu ya mlima haiogopi tope. Leta jembe."

Akavua viatu. Wakauchimba mfereji pamoja mpaka jioni, kina cha kiuno, hadi murram, wakajaza mawe, maji yakapata njia kando ya nyumba. Posa ikakubaliwa wote wakiwa wekundu. Usiku ule Baba, ambaye hakuwahi kukosea maishani, alimwambia Mama, "Ulisema." Neno moja tu. Mama alilitumia miaka ishirini.

Siku hizi kilima kimevaa saruji. Maji hayanywewi popote, yanakimbia yote mjini kusumbua boda boda, na vijana wanayapiga picha. Wakwe huja na mpambaji, hukaa chini ya hema la kukodi, hula, huondoka viatu vinang'aa, na hakuna anayemjua mwenzake. Mwezi uliopita, mjukuu wangu alipochumbiwa, nilikaa nikiangalia mawingu kwa matumaini. Haikunyesha hata tone.