Spika ya Jimmy na Matangazo ya Saa Saba

Ukikaa Ombaci, kando ya mji wa Arua, na ukataka kujua nani amekufa, wapi, na anazikwa lini, hukuwa na haja ya kuhangaika. Ulikwenda kwa Drateru. Ungemkuta mlangoni kwenye kigoda chake, redio pajani, macho yasiyoona yameelekea barabarani. Angekutajia marehemu, baba wa marehemu, kijiji, saa ya maziko, hata ugonjwa, kama familia imekubali kuutaja. Hakuwa mbeya. Alikuwa na kichwa chepesi na redio nzima, basi.

Huku Arua na Koboko kifo hutangazwa redioni. Simu zipo, lakini laini hubadilishwa, betri huisha, na jamaa wametawanyika mpaka ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo familia hupeleka karatasi kituoni, na mtangazaji huisoma saa saba mchana na saa moja jioni, pamoja na orodha ya watu wanaojulishwa. Jina lako likisomwa, umejulishwa. Usipoonekana mazikoni, watu watajua wenyewe la kufikiri, na mara nyingi hawafikirii jema.

Drateru alizaliwa Midia, upande wa Koboko, akaolewa na askari aitwaye Lawrence. Askari huyo alimwachia Kiswahili cha kambini, mtoto mmoja wa kiume, Jimmy, na ile redio. Usubi, ule ugonjwa wa inzi wa mtoni, ulipommaliza macho akiwa na miaka thelathini na tano, Lawrence hakusema maneno mengi. Alikata alama kwa kisu kwenye kitufe cha kuzungusha, akawasha mshumaa, akadondosha tone la nta pembeni yake. Alama ikikutana na nta, upo kwenye kituo cha matangazo. Tangu siku hiyo Drateru hakumwomba mtu amfungulie redio.

Lakini alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kusikiliza vifo, na hiyo majirani hawakuijua. Lawrence alipofariki, miaka kumi na mmoja iliyopita, Drateru alikwenda Midia kumwomba kaka yake, Ayiko, kipande cha shamba apande muhogo. Ayiko akamwambia mwanamke aliyeolewa ana kwao kwingine. Drateru akasimama mbele ya watu wote, akamwambia: "Basi hata siku ile unakufa, usinitafute."

Kwa watu wa ukoo wao maneno kama hayo hayafutwi kwa simu. Yanafutwa na mdomo uleule ulioyatoa, mbele ya watu. Unapiga funda la maji, unayatema chini, unasema yale yamekwisha. Na kama mwenzako amekwisha kufa, unayo nafasi moja ya mwisho, kabla udongo wa kwanza haujaingia kaburini. Ukiikosa hiyo, umekosa, na maneno yako yanabaki juu ya wanao na wanawe.

Angeweza kwenda mapema. Koboko si mbali, na lami ipo. Hapo mtu unaweza kumkasirikia kabisa, maana miaka kumi na mmoja mizima alingoja Ayiko aanze, na Ayiko, mkaidi wa tumbo moja naye, akangoja yeye aanze. Alichobakiza Drateru ni hiyo nafasi moja. Akajiambia kwamba kaka yake akitangulia, yeye atasikia siku ileile na atafika na maji yake. Ndiyo maana saa saba na saa moja hakuna aliyemsogelea.

Ndipo Jimmy akaleta spika.

Jimmy alikuwa na kazi ya ofisi mjini na alikuwa amechoka kuaibika. Wageni wanakuja, kuna makochi, kuna televisheni, halafu mlangoni kuna mama na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alinunua spika isiyo na waya, nyeusi, nzito, laini kama kikombe. Ilishika redio, ilishika simu yake, ilishika televisheni. Kitufe haikuwa nacho hata kimoja.

"Mama, hii hapana mambo ya zamani," Jimmy alisema. "Hii unagusa tu."

"Nagusa wapi?"

"Hapa juu. Kushoto sauti inashuka, kulia inapanda, katikati inanyamaza. Ukipitisha kidole, inaenda kituo ingine."

Drateru akapitisha mkono juu ya kile kioo, polepole, kama alivyopitisha mkono juu ya kila kitu alichokijua kwa zaidi ya miaka thelathini: sufuria, mlango, sura ya mtoto. Spika ikashuka, ikanyamaza, ikapiga kelele, ikahamia kwaya. Jimmy akacheka. Mkewe, Patience, mwanamke wa Adjumani asiye na ubaya na mtu, naye akacheka. Drateru akacheka nao, kwa sababu angefanya nini.

"Haina mahali ya kushika," alisema kicheko kilipoisha. "Kidole ikiwa bado inatafuta, hii inasema tayari imetumwa."

Akaomba wamwekee hata tone la gundi. Jimmy akasema kitu chenyewe kitaharibika sura. Patience akapata dawa yake: "Mama, acha tu kugusa. Wewe sema, mimi naweka." Alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma Drateru kuliko kicheko. Mikono ndiyo ilikuwa macho yake, na sasa ameambiwa ndani ya nyumba ya mwanawe aiweke pajani. Alipouliza redio yake iko wapi, Jimmy alisema amempa Siraji, fundi wa sokoni. Patience alipokwenda kuulizia, Siraji alikuwa ameshaifungua na kutoa vyuma alivyovitaka.

Yalikwenda hivyo miezi mitatu. Patience aliweka redio kabla ya saa saba na kabla ya saa moja, na siku aliyosahau, Drateru aliomba. Kuomba kulimchosha. Lakini aliomba, kwa sababu ya Ayiko.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu Patience alikwenda sokoni. Kabla ya kutoka aliweka kituo, sauti chini kidogo kwa kuwa kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi. Drateru akaketi karibu na meza. Tangazo la kwanza lilitoka Maracha, la pili Yumbe. La tatu lilianza, na pikipiki mbili zikapita nje zikifukuzana, akaokota neno moja tu katikati ya mngurumo: Midia.

Akanyoosha mkono. Hakukurupuka. Alikumbuka alivyofundishwa, kulia sauti inapanda. Ila ili upate kulia lazima kwanza upate mwisho wa kitu, na mwisho wa kitu mtu asiyeona anaupata kwa kupapasa. Kidole kikapita juu ya kioo, mtangazaji akakatika, ukaja muziki wa Congo. Akakirudisha kidole, akaja mhubiri. Akagusa tena, akaja mtu anayeongea Kiingereza. Akagusa tena, kimya. Baada ya kimya hicho kila alipogusa palikuwa baridi na laini, na hapakujibu kitu.

"Nani?" aliiuliza spika. "Nani wa Midia?" Aliogopa kuliko alivyoogopa siku macho yalipofunga.

Alichukua fimbo akaenda kwa Rejoice, jirani anayechoma mihogo. Aliuliza kama ameyasikia matangazo. Rejoice akashangaa.

"Mama, sisi hapana kusikiliza. Wewe iko, unatuambia. Kwani leo amekufa nani?"

Nyumba ya tatu wakamjibu vilevile, na ya tano. Miaka yote hiyo aliwasikilizia, nao wakaacha kusikiliza.

Alirudi akangoja saa moja jioni. Jimmy alikuwa amekuja na wenzake watatu wa ofisini kutazama mpira, na spika ilikuwa kwenye televisheni, ikiunguruma uwanja mzima sebuleni. Drateru alisimama mlangoni.

"Jimmy, mwanangu. Saa moja inafika. Niwekee redio dakika kumi tu. Mchana wametangaza mutu ya Midia, sikushika jina."

"Mama, kama ingekuwa mutu yetu, wangepiga simu."

"Wako na namba yako ile ya zamani."

Jimmy alitazama wageni. "Ngoja mapumziko, Mama. Hapana mbali."

Patience aliinua uso, akamtazama mumewe, akaurudisha kwenye sahani alizobeba. Drateru alisimama pale mlangoni mpaka mapumziko, mkono kwenye mwimo. Jimmy alitimiza ahadi. Alikuja, akagusa mara mbili bila hata kuangalia, na kituo kikaja pale pale, safi, sauti nzuri. Walikuwa wanasoma bei ya mazao. Ijumaa Patience aliweka kituo mapema, mchana na jioni, lakini tangazo la Midia halikurudiwa.

Jumamosi mchana Jimmy alikutana mjini na Amandu, mfanyabiashara wa Koboko, ambaye alimshika mkono kwa mikono miwili akampa pole ya mjomba. Jimmy alirudi nyumbani hakuvua viatu. Aliketi chini, kwenye simenti, karibu na kigoda.

"Mama. Ni mjomba Ayiko."

Drateru aliuliza, "Wamezika?"

"Jana."

Walifika Midia saa tisa. Matanga yalikuwa hayajavunjwa. Drateru alisikia watu wakinyamaza kundi kwa kundi kadiri alivyopita ameshikwa mkono, na kimya cha namna hiyo kipofu hahitaji kuelezwa. Santo, mtoto mkubwa wa Ayiko, alikuja kusimama mbele yake. Kiti hakumpa.

"Shangazi, jina yako ilisomwa mara mbili. Wewe ya kwanza kabisa. Tulikungoja mpaka saa kumi na moja, jua inashuka. Maji ilikuwa kwa kikombe, tayari."

"Sikusikia, mwanangu."

"Wewe?" Santo hakupandisha sauti. "Wewe unajua hata mutu amekufa Yumbe. Arua yote inakuuliza wewe. Baba yangu peke yake ndiyo hukusikia?"

Jimmy akaingilia. Alijaribu kueleza spika ilivyo, kwamba haina vitufe, kwamba juu ni kioo, kwamba ukikigusa vibaya kinahama. Maneno hayo sebuleni Ombaci yalikuwa na akili. Hapa, kwenye majivu ya moto wa matanga, yalitoka kama uongo wa mtoto aliyevunja kikombe. Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Basi ni spika ilikataa," Santo alisema. "Tumesikia."

Drateru aliomba apelekwe kaburini na maji. Akasema atayatema hata sasa, atasema maneno yake mbele ya wote, waliopo wayasikie.

"Udongo imeshaingia, Shangazi. Hii wewe ndiyo ulitufundisha sisi tukiwa wadogo." Akaondoka.

Jimmy alimketisha kando, kwenye gogo, akaenda kutafuta pikipiki za kuwarudisha. Ndipo Agnes Keji, mjane wa Ayiko, mwanamke wa Yei aliyevuka mpaka na vita akaolewa huku, akaja kukaa karibu naye. Aliongea chini chini.

"Wifi, mimi nakuamini. Watoto hapana, lakini mimi ndiyo."

Drateru akamtafuta mkono, akaushika.

"Yeye kila siku saa saba alikuwa anafungua redio," Agnes Keji alisema. "Watoto wakiongea anakasirika. Mimi nauliza, wewe unasikiliza nini hivyo? Anasema, nasikiliza kama Drateru amekufa. Nikisikia jina yake, naenda siku ileile, namaliza ile maneno." Akaubana ule mkono. "Hakukosa hata siku moja."

Drateru alikuwa hajalia tangu Ombaci. Sasa alilia, mdomo wazi, kwa sauti mbaya, na waliokuwa karibu walidhani analia ili aonekane.

Jumapili ya pili yake, baada ya misa, Jimmy hakwenda kwa wenzake. Alikwenda dukani akarudi na mshumaa. Aliiweka spika mezani, akainama juu yake muda mrefu, akadondosha nta pembezoni mwa kioo mahali pasipohisi kitu: tone moja kushoto, mawili kulia, moja refu mbele. Sura ya spika ikaharibika kabisa. Akangoja ikauke, akamwita mama yake, akamshika kidole.

"Gusa, Mama. Hii haihami. Ukipata hii mbili, sogea kidogo ndani, ndiyo kupandisha sauti. Hii moja ni kushusha. Hii ndefu ni kunyamazisha."

Drateru aligusa. Alipita tone kwa tone, akarudi, akapita tena, na spika haikuhama. Ilikuwa karibu saa saba. Mtangazaji alikuwa anajikohoza.

"Imekaa vizuri," alisema. "Baba yako alifanya hivi hivi."

Jimmy akasogea karibu, uso umeanza kumfunguka. Mama yake akasogea kidogo ndani ya lile tone refu, akabonyeza, na spika ikanyamaza.

"Sasa, mwanangu," alisema, "unataka nisikilize kifo ya nani?"