Shehe wa Dubai katika Ukumbi wa Kashebere

Sokoni Kashebere kuna kiduka cha mabati ambacho mwenyewe, mama mcheshi anayeuza viatu, redio na taa za jua, amekiandika DUBAI kwa rangi nyekundu. Hajafika Dubai. Vitu vyake anavitoa Goma, na wauzaji wa Goma humwambia vimetoka Dubai, na hilo linamtosha. Ukipita na kiatu kipya utaulizwa kama ni cha Dubai, na ukijibu hapana watu wanakuhurumia.

Mimi nafundisha historia kwenye shule ya sekondari hapo. Nilizaliwa Bihambwe, upande wa Masisi, kwenye vilima vya maharagwe na viazi, nikaolewa na mwanamume wa Itebero, mtoto wa msitu ambaye mpaka leo anaona baridi ya kwetu ni kama adhabu. Tulichagua kukaa Kashebere kwa sababu iko njiani, malori ya mawese yanapopanda na ya viazi yanaposhuka. Hivyo kila mmoja wetu yuko mbali na mama yake kwa kiasi kile kile, na hakuna wa kulalamika.

Mwaka huo nilikuwa nafundisha somo la ukoloni. Wabelgiji hawakunipa taabu, maana kila mwanafunzi ana babu aliyelimishwa barabara kwa nguvu. Nilipofika kwa Waingereza nikasema wao mara nyingi walimwacha mfalme wa wenyeji juu ya kiti chake, wakatawala wakiwa nyuma yake. Hapo msichana mmoja wa karibu na dirisha, mrefu, ambaye husema maneno machache kwa wiki nzima, akanyoosha mkono.

"Madamu, na wale Waarabu wa Dubai? Nao walitawaliwa, ao walikuwa matajiri tu tangu zamani?"

Darasa zima likacheka, kisha likasubiri jibu. Sikulijua. Nikamwambia nitatafuta, na nikaliandika swali pembeni mwa ubao ili lisiniponyoke.

Likizo ya Pasaka nilikwenda kwetu Bihambwe kumsaidia mama kuvuna maharagwe. Mtandao ulipatikana juu ya kilima, karibu na zizi la jirani, basi kila alasiri nilipanda huko na simu yangu, nikakaa juu ya jiwe, ng'ombe wakinipumulia shingoni, nikasoma habari za mji mdogo wa Waarabu ulioishi kwa lulu, samaki na bandari. Baba alikuwa akija na fimbo yake kuniuliza nimefika wapi. Aliifuata habari ile kama wengine wanavyofuata mpira kwenye redio.

Nikamweleza kwamba Waingereza walianza kwa meli za kivita, wakawatilisha mashehe wa pwani ile saini kwenye mikataba ya amani ya baharini. Baadaye wakawaahidisha kwamba hawatazungumza na taifa lingine lolote, wala kumpa mgeni hata kipande cha ardhi, bila wao kukubali. Mambo ya ndani ya mji wakamwachia shehe. Kwa miaka mingi hawakuweka hata ofisa wao Mwingereza kukaa pale. Mwakilishi wao alikuwa Mwarabu, tena aliishi mji wa jirani. Ofisa mwenyewe alikuja baadaye sana.

"Mashamba hawakutwaa?" baba akauliza.

"Mashamba gani, Papa? Kule ni mchanga mutupu."

"Sasa walitaka nini?"

"Njia ya bahari. Meli zao zipite kwenda India bila mutu kuzisumbua."

Baba akaangalia barabara iliyokuwa chini yetu, lori moja likiwa limekwama kwenye tope na vijana wakilisukuma. Akasema, "Njia njo kila kitu, ndiyo yenyewe," akaenda kuwasaidia kwa maneno.

Niliporudi shuleni nikatoa somo. Wanafunzi waliandika vizuri, lakini niliona usoni mwao kwamba halijaingia. Kijana mmoja wa nyuma, mchangamfu, mwimbaji wa kwaya, akauliza inawezekanaje mtu atawale nchi asimokaa. Hapo njo nikapata wazo la kuigiza. Tukasogeza madawati. Yule mwimbaji akawa shehe; tukamfunga kitambaa cheupe cha meza kichwani na kumkalisha kwenye kiti changu. Wengine wakawa wazamiaji wa lulu, wengine wafanyabiashara, wengine mabaharia wa Waingereza. Nikauliza nani atakuwa ofisa wa Waingereza, na wavulana wote wakataka. Nikamchagua yule msichana wa dirishani, kwa kuwa swali lilikuwa lake.

Nilimwekea kiti pembeni mwa shehe. Hakukikalia. Alisimama nyuma ya shehe, mikono mgongoni, na kila mara shehe alipotaka kujibu watu wake, yeye aliinama kidogo sikioni mwake. Sikumfundisha hivyo. Kisha mmoja wa wazamiaji akasema kwa sauti ya chini, "Aah, sasa nimeelewa," na nikajua kazi yangu ya mwaka imefanyika.

Prefe, mkuu wetu wa masomo, alipita dirishani, akatazama, akaingia. Akapenda mchezo, akasema tutauonyesha siku ya wazazi katika ukumbi wa kanisa. Lakini siku mbili tatu kabla ya sherehe aliniita ofisini kwake, akiwa amekunja uso.

"Madamu, umefikiri juu ya Mwami?"

Mwami ni chefu wetu wa kimila. Kila sherehe anaalikwa, anakaa mbele kabisa.

"Nimefikiri nini, Prefe?"

"Atakaa pale, ataona mufalme anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, na mutu iko nyuma yake anamunong'oneza. Watu wataanza kumwangalia yeye. Watasema shule inamucheka."

Kweli sikuwa nimefikiri hilo. Kwetu heshima ya chefu si mchezo, na ya Prefe mbele ya chefu ni nyembamba zaidi. Nikamwambia kwamba mchezo ni wa Waarabu wa mbali. Akanijibu kwamba kiti ni kiti. Mwishowe akaacha uamuzi mikononi mwangu, jambo ambalo ni baya kuliko kukataliwa. Nyumbani nikamweleza mume wangu, aliyekuwa akimenya mihogo nje ya jiko. Akasema, "Kama ni historia, ni historia. Nitakaa karibu na mulango, mambo ikiharibika tutoke pamoja." Nilicheka, na kwa kicheko hicho nikaamua tucheze.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa asubuhi mapema. Akina mama walikuja na vitenge vya kanisani, hata yule wa duka la Dubai alifunga duka, jambo ambalo hafanyi hata kwa msiba wa mbali. Mwami aliketi mstari wa mbele, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, fimbo yake kati ya magoti. Kwaya iliimba, zawadi zikatolewa, kisha wanafunzi wangu wakaingia.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Wazamiaji walizama sakafuni na kuibuka na punje za mahindi kwa jina la lulu. Shehe akaketi, ofisa akasimama nyuma yake. Ofisa akasema serikali ya mfalme wake inaomba shehe asizungumze na taifa lingine. "Ndiyo," akasema shehe. Akasema inaomba wageni wote wa mjini wahukumiwe na Waingereza, si na shehe. "Ndiyo," akasema shehe. Wazazi wakaanza kuguna. Nilimwona Prefe akifuta jasho, na macho ya watu wa pembeni yakigeuka moja moja kuelekea mstari wa mbele.

Mwami akainua fimbo yake.

"Simamisheni kwanza," akasema.

Mwimbaji wangu alisimama kama mtu aliyekalia kaa la moto. Mwami akainuka polepole, akapanda jukwaani, akamgeukia kijana.

"Mutoto, mufalme hasemi ndiyo mbio hivyo. Nipe kitambaa."

Kijana akakifungua kitambaa cha meza kichwani mwake na kukitoa kwa mikono miwili. Mwami akajifunga mwenyewe, vizuri kuliko tulivyofunga sisi, akakaa kwenye kiti. Msichana wangu alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti. Angeweza kushuka. Hakushuka.

"Endelea, Muzungu," Mwami akamwambia.

"Mukubwa Shehe," akaanza, sauti yake ikitetemeka kidogo, "serikali yetu inaomba usizungumze na taifa lingine bila sisi."

"Nimesikia."

"Unakubali?"

"Nimesikia vizuri." Mwami akawageukia wazamiaji. "Huyu mugeni amesafiri bahari yote. Mumemupa chakula?"

Watu wakaanza kucheka.

"Nimekula, asante," ofisa akasema. "Jambo la pili. Tunaomba ndege zetu zitue mu maji ya bandari yako."

"Ndege inatua mu maji? Haizami?"

"Haizami, Mukubwa."

"Jambo kubwa hivyo siwezi kulijibu peke yangu. Wazee wangu wako malishoni na ngamia. Wakirudi tutakaa."

"Watarudi lini?"

"Ngamia njo anajua."

Kicheko kilipiga mabati. Prefe naye alicheka, ingawa alianza baada ya kuangalia wengine. Nilidhani hapo mchezo umekwisha, na Mwami ameshinda, na tutakwenda kula. Lakini yule msichana alitoka nyuma ya kiti. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi alikuja mbele, akasimama uso kwa uso na shehe, akasema taratibu, bila kutetemeka tena:

"Mukubwa Shehe, tutangoja. Lakini angalia mu dirisha. Ile meli iko pale bandarini ni yetu. Mizinga yake inaangalia nyumba yako."

Kicheko kikafa. Mwami aligeuza kichwa, akatazama dirisha la ukumbi kana kwamba kweli kulikuwa na bahari badala ya migomba ya paroko. Kisha akafungua kitambaa, akamrudishia yule mwimbaji, na kumshika bega.

"Basi wewe ulikuwa na haki," akamwambia. "Atasema ndiyo. Lakini aseme polepole."

Watu walipiga makofi mpaka mikono ikachoka. Mchezo ulimalizika kama tulivyoupanga, Waingereza wakiondoka mmoja mmoja kwa kupunga kofia, na shehe akabaki kwenye kiti chake akiwa amenyoosha mgongo. Safari hii kila ndiyo yake ilichukua muda, na wazazi walimngojea wakitabasamu.

Baada ya chakula Mwami aliniita chini ya ukingo wa paa, alipokuwa akisubiri mvua ndogo ipite. Nilikwenda nikiwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi.

"Mwalimu, wale Waarabu, mwisho wao ilikuwa namna gani? Bandari ilibaki yao?"

"Ilibaki yao, Mwami. Waingereza walienda, watoto wa shehe wakabaki."

"Vizuri," akasema, kana kwamba ni habari ya ndugu zake.

Kisha akaniambia habari ya babu yake. Watu wa Kashebere zamani walikaa kule juu ya kilima. Muzungu msimamizi wa Wabelgiji akaja, akaamuru wote washuke wajenge kando ya barabara, ili iwe rahisi kuwahesabu na kuwapeleka kazini. Babu alisema amesikia. Ikaja mvua, akasema tope. Likaja jua, akasema nyasi za kuezeka hazijakomaa. Mwishowe wakaja askari na viboko, na nyumba zikashuka. Lakini mashamba babu aliyaacha kule kule juu, na kila asubuhi watu walipanda kulima, na Muzungu akihesabu nyumba anazikuta zote bila watu.

"Njo maana tuko hapa barabarani," akasema. "Ile darasa yako wakitaka kuona, nitawapeleka."

Jumamosi iliyofuata tulipanda. Nilikuwa nimeishi Kashebere miaka yote hiyo, nikikiona kilima kile kila nikifungua dirisha, na sikuwahi kufika. Mume wangu alikuja pia, akitembea mbele kwa miguu ya mtu wa Itebero ambaye njia ya siku nzima kwake ni matembezi. Juu tulikuta mawe ya mafiga yaliyokwisha kuzama ardhini, na miti mirefu ambayo Mwami alituambia haikatwi, bila kutueleza zaidi, na hakuna aliyemuuliza. Pembeni kulikuwa na shamba la mahindi na mihogo la wajukuu wa wale wale waliolazimishwa kushuka.

Yule msichana wa dirishani alizunguka mawe yale peke yake. Aliporudi alimuuliza Mwami kama babu yake aliogopa alipoona askari. Mwami akafikiri, akasema aliogopa sana, na kwamba bibi yake ndiye alikuwa wa kwanza kung'oa mlango wa nyumba yake na kuubeba kichwani, ili watoto waone kuna mtu mzima anatembea. Msichana akakaa karibu naye.

Wenye shamba walitupa mahindi mabichi, vijana wakawasha moto, tukala yakiwa bado yanaunguza vidole. Chini barabara ilionekana yote, kuanzia upande wa Masisi hadi inapoingia msituni, na lori la mawese lilikuwa likipanda taratibu. Mume wangu alinipa hindi lake la pili, lililochomwa vizuri kuliko langu. Wanafunzi wakaanza kuimba, na hatukuwa na haraka ya kushuka.