Kitufe cha Shuti

Nimesoma chuo kikuu, nimeandika kurasa nyingi kuhusu riwaya, na mpaka leo sijafunga bao halali kwenye gemu ya mpira. Mabao yangu yote nimejifunga mwenyewe. Kwa hiyo ninapoanza kushauri gemu za kisasa ziwe na nini, msomaji ana haki ya kucheka. Nilichonacho ni ushahidi mmoja tu, niliouona mtaani Kalangalala, kwenye kibanda cha gemu kinachopakana na saluni.

Kibanda kile ni cha mama mmoja wa Tinde ambaye hajawahi kushika pedi, kile kidude chenye vitufe cha kuchezea. Kina runinga tatu, mabenchi, na feni moja inayomwelekea yeye. Sheria yake ni moja: anayefungwa anapisha. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa hapishi mtu. Alikuwa anatoka machimboni upande wa Bugarama na vumbi kichwani, anakaa, anawafunga mmoja mmoja huku akiwauliza kama nyumbani wanajua wako wapi.

Kisha karasha, ile mashine ya kuvunjia mawe yenye dhahabu, ikamchukua kidole gumba cha mkono wa kulia.

Jeraha lilipopona alirudi kibandani. Gumba hilo ndilo lililokuwa likipiga pasi na shuti, kwa hiyo akajaribu kwa kidole cha shahada, mkono umepinda kama wa mtu anayechambua choroko. Akashinda. Akashinda tena.

"Mbona umeshinda na umenuna?" nikamuuliza njiani kurudi.

"Shemeji, kipa wa mpinzani wangu alikuwa anaukimbia mpira. Wananihurumia."

Hakwenda tena. Jioni alikaa uani kwetu akitazama simu, mtu aliyezoea kutaniana na benchi zima. Mke wangu akaniambia nifanye jambo. Kwa kuwa sijui kufanya lolote, nikaenda kibandani kusoma. Hiyo ndiyo faida ya elimu yangu: nasoma maandishi ambayo wenzangu wanayaruka. Vijana hubonyeza haraka haraka mpaka uwanja utokee. Mimi nikalipia muda wangu, nikaingia kwenye mipangilio, ukurasa baada ya ukurasa wa Kiingereza chenye herufi ndogo kama ulezi.

"Mzee, mechi inaanza lini?" akauliza mtu nyuma yangu.

"Bebe, wewe, si amelipa?" akasema mama mwenye kibanda. "Asome hata mpaka Jumapili."

Humo ndani nikakuta kitu kilichonistaajabisha kuliko jasho linaloonekana kwenye shingo za wachezaji wa kwenye runinga. Kila kitufe kinaweza kuhamishwa. Shuti linatolewa kwenye kitufe cha duara, linawekwa ukingoni mwa pedi, pale kidole cha shahada kinapofika chenyewe. Mtu fulani, kwenye ofisi nisiyoijua, alikaa akamfikiria mchezaji asiye na gumba. Vipo vitabu nilivyovisifu sana ambavyo havikumfikiria mtu kiasi hicho. Ningeomba kitu kimoja tu zaidi: swali hilo lisifichwe. Liulizwe mwanzoni, kwa Kiswahili, kabla mpira haujaanza: mikono yako ikoje?

Wiki nzima tulikwenda asubuhi, kibanda kikiwa kitupu, shemeji ajizoeze. Mpinzani wake nilikuwa mimi, jambo lililompa matumaini ya uongo.

Jumamosi akakaa dhidi ya bingwa mpya, fundi wa bodaboda mwenye kijiti mdomoni. Fundi akaanza na huruma ile ile, mabeki wake wamesimama kama wanasubiri usafiri. Shemeji akapiga shuti kutoka mbali, likazama kwenye kona ya juu. Fundi akaitazama ile pedi, akautazama ule mkono, akatema kijiti.

"Kumbe nakubembeleza na wewe mzima."

"Nani alikutuma?" akajibu shemeji.

Kuanzia hapo hakukuwa na huruma tena. Fundi akasawazisha, akaongeza, akaongeza tena. Benchi, lililokuwa limetulia kama liko msibani, likafunguka.

"Mabeki wako umewanunua mnadani? Mbona wanakula nyasi tu?"

"Mwacheni, ametoka likizo ya uzazi."

Shemeji naye alikuwa anawajibu wote, mmoja baada ya mwingine, bila kutoa macho kwenye runinga, na akakosa bao la wazi kwa sababu ya kuongea. Mimi peke yangu ndiye niliyeumia. Mechi ikaisha.

"Pisha," akasema fundi, bila kumtazama. "Watu wanasubiri."

Shemeji akainuka, akairudisha mipangilio ya awali kama nilivyomfundisha, akakabidhi pedi. Nilidhani tunaondoka, nikatangulia mlangoni.

"Umeona, shemeji?" akaniambia, uso wote unacheka. "Kanitoa."

Akaenda kukaa mwisho wa benchi, kusubiri zamu yake.