Sinia la Halwa Siku ya Mpira

Juzi timu yetu ya mji wa Ibra ilifungwa nyumbani. Nilipowaona wageni wetu, wachezaji wa mji wa Sur, wakimiminiwa kahawa, nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka siku nyingine kama hiyo, nilipokuwa mtoto.

Bibi alituahidi tukishinda atatoa halwa. Mimi nilikuwa ndani ya gari la baba kando ya uwanja. Mpira sikuuona, nilisikia ngoma na honi tu. Jioni nyumba ikanukia zafarani na marashi, wachezaji wakajaa majlisi, sebule yetu ya wageni, sinia la halwa likaingia. Basi tumeshinda! Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Ami yangu, golikipa wetu, akainama.

"Tumefungwa, mjukuu wangu," Bibi akaninong'oneza. "Hawa ndio waliotufunga."

"Na halwa?"

"Halwa ya mgeni haingoji magoli."

Kisha akapiga vigelegele vyake, virefu kuliko vyangu.