Nilivyofanywa Mchungaji Kigali

Nilikwenda Kigali kwa sababu moja tu: kusimama mahali pa marehemu kaka yangu. Binti yake, Diane, alikuwa anachumbiwa na kijana aitwaye Eric, na kwa Wanyarwanda familia ya mvulana huja hadharani kumwomba msichana, sherehe wanayoiita gusaba. Wazee wa pande mbili hukaa wakitazamana, wanataniana, wananyimana, mwisho wanakubaliana. Upande wa msichana lazima awepo baba. Kaka hayupo, nimebaki mimi, baba mdogo, fundi majokofu wa Kirumba, Mwanza.

Mnaonifahamu mnajua na jambo la pili. Mimi sisali. Sikuacha kwa hasira, wala hakuna padri aliyenikosea. Niliacha kidogo kidogo, kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai, mpaka siku moja nikaona sina haja nayo. Nimefungua majokofu zaidi ya miaka ishirini na sijaona hata moja lililopona kwa kuwekewa mikono. Mke wangu alinuna mwaka mzima, akazoea. Majirani nao wamezoea. Diane aliishi kwangu miaka yake yote ya sekondari, akishinda karakanani kila akitoka shule. Aliuliza kila kitu, na mimi nilimjibu bila kumficha.

Saa kumi na moja alfajiri, stendi ya Mwanza. Kabla ya kupanda nililiangalia tairi la nyuma, kipara kitupu. Nikamwambia kondakta. Akanijibu, "Mzee, tunamkabidhi Mungu safari," akasimama katikati ya basi, akavua kofia, akaomba dakika tano nzima. Nikasema kwa sauti kwamba tairi lile lingekabidhiwa gereji kwanza. Mama niliyekaa naye akahamisha kikapu chake upande wa pili.

Geita alipanda mhubiri. Jamani, yule mtu alikuwa na mapafu! Alituhubiria hadi karibu na Runzewe, akitutisha na moto, ilhali basi lenyewe lilikuwa na joto la kutosha. Aliposhuka tu, mwendo mfupi mbele, tairi likapasuka. Dereva akahangaika na usukani, tukasimama kando ya barabara, hakuna aliyeumia. Mnadhani watu walimgeukia kondakta? Thubutu! Walishuka wakaimba, wakamshukuru Mungu kwa kutuokoa na tairi ambalo mimi nililionyesha kwa kidole alfajiri. Kondakta naye alikuwa anaimba, tena ile sauti ya juu. Nilikaa juu ya jiwe nikala muhogo wangu peke yangu.

Alasiri, Rusumo. Tulivuka mpaka, tukarudisha saa nyuma, na basi likahamia upande wa kulia wa barabara. Milima ikaanza, mteremko na kona, kila kipande cha ardhi kimelimwa. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nchi ile inapendeza mpaka inakutia wivu.

Jioni jua halijazama, Remera. Nilishukia hapo nikachukua pikipiki kwenda Kanombe, anakoishi shemeji, karibu na uwanja wa ndege. Kijana akanivalisha kofia ngumu, akaifunga vizuri chini ya kidevu, na kabla hata hajawasha injini akauliza, "Muzee, iko unasali wapi?"

Kwetu mtu akitaka kukujua anakuuliza kabila, au timu. Kigali wanauliza unasali wapi. Nilikuja kuulizwa swali hilo na muuza vocha, na mama wa chapati, na mtoto wa jirani mwenye umri wa miaka sita. Yule wa pikipiki nilimjibu kweli, "Sisali popote."

"Oya, muzee!" Akageuza shingo kunitazama, barabara yote imejaa magari. "Kila mutu iko anasali. Pengine iko unaona haya kusema."

"Tazama mbele, kijana!"

Kanombe, nyumbani kwa shemeji Odetta. Huyu ni Mnyarwanda aliyekulia Ngara, Kiswahili chake ni chetu kabisa. Alinikumbatia akalia kidogo, maana nimefanana na kaka. Diane akanipokea begi. Jirani mmoja aliingia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama, akasema, "Yesu ashimwe, Pasiteri," yaani Yesu asifiwe, Mchungaji. Nikadhani amenifananisha. Shemeji akaniwekea chai haraka haraka na kuanza kuniuliza habari za mvua za Mwanza.

Kesho yake asubuhi, Ijumaa, nilitumwa Gisimenti kuchukua nguo kwa fundi cherehani. Shemeji alikuwa ameniomba vipimo kwa simu wiki mbili nyuma, nikajua ni vya suti. Fundi mwenyewe ni mzee Shabani, Mwislamu wa hapo hapo mjini, kofia kichwani, Kiswahili kimenyooka. Akanipa suti, nikaijaribu, ikanikaa barabara. Halafu akatoa shati jeusi lenye kola nyeupe ya kichungaji.

"Hili si langu, mzee wangu."

Akatazama daftari, akanitazama mimi. "Baba mdogo wa Diane? Mchungaji kutoka Mwanza?"

"Baba mdogo ndiyo. Mchungaji, hapana. Mimi fundi majokofu."

Mzee Shabani akacheka mpaka akaweka mkasi chini. "Basi wamekupandisha cheo. Na wewe unasali wapi?"

"Sisali."

Akaacha kucheka. Akalikunja lile shati taratibu, akaliweka kwenye mfuko wa karatasi. "Hayo umeniambia mimi," alisema, "na mimi si mmoja wa wakwe. Lakini kesho angalia, kaka. Hapa mtu asiyesali wanamwogopa kuliko mwizi. Mwizi wanajua anachotaka."

Nilirudi Kanombe damu inanichemka. Shemeji alikuwa jikoni anachambua maharage. Nikaliweka lile shati mezani mbele yake.

"Shemeji, hii ni nini?"

Hakuinua macho. "Baba yake Eric aliuliza ukoo wetu unasali wapi. Mimi nikajibu habari zangu. Akasema sawa, na huyo atakayesimama kama baba je? Ningesema nini?"

"Ungesema hasali!"

"Halafu? Yule mzee alishakataa msichana mwingine wa kijana wake mkubwa kwa sababu hiyo hiyo. Nikasema uko kwenye kazi ya Mungu. Basi tu. Yeye ndiye aliyesema, 'Ah, Pasiteri!' Mimi sikukanusha."

"Na shati ukashona!"

"Kwani ningefanyaje, shemeji? Tayari alikuwa amewatangazia watu wote."

Ninyi mnaonijua mnaweza kukisia nilivyofoka. Nikasema kesho nitasimama niseme ukweli, anayetaka kuoa aoe, asiyetaka aende. Shemeji akaanza kulia juu ya maharage. Alisema mwanawe atavunjiwa uchumba mbele za watu mia mbili, na kwamba kaka angekuwepo asingemfanyia hivyo.

Diane alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, fanya unavyoona sawa. Lolote utakalofanya nitalikubali."

Nilimtazama vile alivyokuwa ameshika mlango, nikajua ananisihi. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Hasira ikanishuka. Nikasema haya, kola sivai, ila nikiitwa nitaomba.

Jumamosi saa tano asubuhi, kwenye bustani moja ya sherehe huko Remera. Mahema mawili yalielekeana. Wanawake walivaa mishanana, vitambaa vyepesi vilivyofungwa bega moja, na wazee walishika fimbo. Msemaji wetu aliwanyima kabisa wale wageni, akidai msichana wanayemtaka yuko masomoni ng'ambo, na msemaji wao akajibu kwamba basi watangoja hapo hapo, waletewe mikeka. Watu walicheka. Nami nilicheka, tena nikaanza kudhani nitaponea hapo.

Ndipo akasimama mzee Gasana, baba yake Eric. Mrefu, mwembamba, amekulia Uganda, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alikuja mpaka mbele yangu. "Pasiteri," alisema, "mimi nafurahi sana. Kijana yangu iko anapata muke kwa nyumba ya mutumishi wa Mungu. Ombea batoto."

Watu mia mbili wakainamisha vichwa. Diane alikuwa amekwisha kuletwa, amesimama kando ya Eric, na yeye peke yake hakufumba macho. Alikuwa ananitazama.

Nikafumba ya kwangu, nikaomba. Na sikuomba kinyonge. Maneno yote ya utotoni yalikuwa bado yamo, nilikuwa msaidizi wa padri kwa miaka mitano, na yalitoka kama maji bombani. Nilimwita Mungu wa mbingu na nchi. Nilimshukuru kwa tumbo lililomzaa binti huyu. Nilimtaja kaka kwa jina, nikasema anatutazama kutoka juu, na sauti yangu ikatetemeka, maana uchungu ule ulikuwa wa kweli hata kama maneno yalikuwa ya uongo. Wanawake wakalia. Kila nilipokata pumzi walinijibu "Amina!" na kila amina ilinipa nguvu ya kuendelea. Nakiri kwenu nilipendezwa. Nilipomaliza, mzee Gasana alinikumbatia, shavu lake limelowa, nikaona aibu mpaka masikioni.

"Kesho utahubiri kwetu," akasema.

Nikamwambia sitaweza, nina mkutano wa wachungaji Mwanza. Uongo ule ulitoka wenyewe, wala sikuufikiria.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Nyabugogo. Diane alinisindikiza. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu, nikamtania kuhusu fimbo za wakwe zake. Hakucheka.

"Baba mdogo," alisema, "mimi pia siamini. Tangu kidato cha tatu. Ulikuwa hujui?"

Sikujua. Mnaona maajabu? Mtu niliyemfundisha kuuliza, sikuwahi kumuuliza.

"Eric anajua?"

"Anajua. Anasema tunyamaze mpaka baba yake afe."

"Sasa mbona hukuniambia? Juzi ulisema nifanye ninavyoona sawa."

"Kwa sababu nilijua utakachofanya." Macho yalimjaa machozi akayafuta kwa kiganja. "Baba mdogo wangu wa Kirumba angesimama aseme, 'Mimi sisali, ila nampenda binti yangu, ninawatakia mema.' Hayo tu. Wangenuna. Pengine wangesimamisha harusi, na ningekubali, nilikwambia nitakubali. Lakini angekuwepo mtu mmoja aliyesema, na mimi ningekuwa na mahali pa kuanzia."

"Diane, nilidhani nakuokoa."

"Najua," alisema. "Uliomba vizuri kuliko mchungaji wao."

Basi likapiga honi. Nilitaka kumwambia mengi, nikaishia kumwambia ale, asikonde. Akasema saa tatu wakwe zake wanampitia kwenda kanisani. Nilimwona dirishani akipungua mpaka basi likakata kona.

Safari ya kurudi sina la kusimulia. Kondakta aliomba, abiria wakaitikia, mimi nikageukia dirisha. Nilifikiri juu yangu. Kwa miaka yote hii nimejisifu kwamba mimi si mnafiki, nimewacheka wenzangu baa na kwenye bao, nimemjibu kila mlokole aliyebisha hodi. Lakini Kirumba nimeshazoeleka. Hakuna anayenidai chochote. Mara ya kwanza ukweli wangu ulipotakiwa na mtu aliyeuhitaji, niliumeza, tena nikaweka na machozi juu yake. Nimewakasirikia waumini safari nzima, na katika watu wote niliokutana nao njiani, aliyesema asichokiamini mbele za watu ni mimi.

Karibu na Nyakanazi mtandao ulirudi, nikamwandikia: "Nilikosea. Nikija kwenye harusi nitasema mwenyewe kwa mzee Gasana. Nisamehe."

Jibu lilifika nikiwa Busisi. "Sawa baba mdogo. Ila kanisani leo mama mkwe ameniandikisha darasa la ubatizo. Amewaambia ni la kukamilisha utaratibu tu, binti wa mchungaji hahitaji kufundishwa."