Mabua ya Tumbaku kwenye Biwi

Udongo wetu wa Koboko ulichoka kabla yetu. Tulilima tumbaku humo tangu nilipooa, na wanunuzi walipoacha kuja ulikuwa umebaki mwepesi kama majivu. Kisha magoti ya mke wangu yakakataa safari ya shamba la mbali. Tukabaki na kipande kidogo nyuma ya jiko. Mahindi yake yasingejaza hata gunia, lakini nyanya zingemnunulia dawa za presha. Ndiyo maana nikaanza kutengeneza mboji.

Mke wangu alinipa maganda ya muhogo, makapi ya maharage na takataka za kufagia ua. Mimi nilitia mavi ya mbuzi na kulipindua biwi kila Ijumaa baada ya sala. Jirani yetu, mama wa Kikongo anayeuza samaki wakavu, alichungulia juu ya ua.

"Baba, ni mutu gani munazika hapo? Na matanga hamukutuita."

"Tunazika maganda," mke wangu akamjibu. "Ukija kulia, uje na samaki."

Biwi lilikuwa bado dogo. Bandani kulikuwa na mabua ya tumbaku ya msimu wa mwisho. Nikaona ni haki: tumbaku ilikula udongo, sasa irudishe. Nikayakatakata yote, nikayachanganya humo. Sikumuuliza mtu.

Mboji ilitoka nyeusi, nikamshukuru Mungu. Lakini miche ya nyanya ilipofika magotini, majani yaliingia mabaka ya njano, yakajikunja, mche baada ya mche. Bibi shamba alikuja, akauliza tulitia nini. Nilipomwambia, alichuma jani moja, akalikunjua.

"Mzee, huu ni ugonjwa wa tumbaku. Hukaa kwenye mabua, na joto la biwi haliuui. Ng'oeni, mchome. Msipande tena nyanya hapa, wala biringanya, kwa miaka."

"Miaka mingapi, binti yangu?" mke wangu akauliza.

"Mingi kidogo, mama."

"Basi uje umwambie atakayekuwepo."

Tuling'oa wenyewe, mke wangu ameketi kwenye kigoda, mimi nimeinama. Nimewafundisha watoto wa watu subira madrasani maisha yangu yote, na bado naiamini. Lakini niliposema alhamdulillahi, nilisikia sauti yangu kama ya mtu anayesoma kwa mazoea.

Akaniuliza kama dawa zilizobaki zinafika Ramadhani. Niliingia ndani, nikazihesabu mara mbili. Sijawahi kumdanganya. Nikatoka, nikamwambia hazifiki.